Kichuguu kimoja, malkia wangapi?

Ukinunua ploti Kitengela ukakuta kichuguu pale unapotaka kuchimba msingi, fundi atakwambia: ng'oa malkia, mchwa watakwisha. Ushauri huo unachukulia kwamba malkia ni mmoja. Kwa Macrotermes michaelseni, mchwa mkulima wa kuvu aliyechunguzwa sana Kajiado, si lazima. Johanna Darlington, ambaye mwaka 1982 alichapisha maelezo ya njia za chini ya ardhi za kichuguu kimoja cha huko, alieleza mwaka 1985 kuhusu viota vyenye malkia kadhaa.

Waliingiaje humo? Pengine ni mabinti waliobaki nyumbani. Pengine ni wageni waliokutana usiku kumbikumbi walipotoka. Macho hayawezi kuamua. Mwaka 2005 Hacker, Kaib, Bagine, Epplen na Brandl walipima vinasaba wakaona kwamba malkia wanaoishi pamoja hawana undugu. Dhana ya mabinti ikaanguka.

Faida ya kuanza pamoja si ngumu kuiona. Baada ya mvua, jike na dume hudondosha mabawa, huchimba, hujifungia, na kuwalea watoto wa kwanza kwa akiba ya miili yao, ikiwemo misuli ya mabawa isiyo na kazi tena. Akiba ikiisha kabla bustani ya kuvu haijashika, wamekwisha. Majike wawili huongeza vibarua wa mwanzo, na nje kuna siafu pamoja na vichuguu vikubwa vilivyokwisha kugawana ardhi.

Kwa sisimizi wengi, mfano Solenopsis invicta, ushirika huo huvunjika vibarua wa kwanza wakitoka: malkia huuana hadi abaki mmoja. Mchwa wa michaelseni huweza kuzeeka pamoja. Nadhani umbo linachangia. Malkia aliyefura tumbo hatembei, sembuse kupigana. Kama ushindani upo, utapitia kwa vibarua wanaomlisha.

Ila vinasaba vya walio hai havihesabu waliokufa. Malkia watatu wa leo huenda ni masalio ya kundi kubwa zaidi lililopunguzana mapema. Isitoshe, Brandl na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba wingi wa viota vya malkia wengi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hesabu ya msimu mmoja haitoshi. Ningetaka kuona kumbikumbi wakinaswa usiku wa mvua na kuwekwa kwenye chupa za udongo, jozi moja hapa, jozi tatu pale, kisha maiti zihesabiwe kila wiki.