Mkate na Msamaha katika La Femme du boulanger

Filamu ya Marcel Pagnol, La Femme du boulanger (1938), iliyochimbuka katika masimulizi ya Jean Giono, huhesabiwa kuwa ya kuchekesha. Kicheko chake, hata hivyo, chatokana na njaa. Aurélie, mke wa mwoka mikate Aimable, anatoroka na mchunga kondoo. Mume naye hawashi tanuri tena mpaka arudishwe. Ndipo padri na mwalimu, watu wasiopatana kamwe, wanapoungana, hata mwalimu akambeba padri mgongoni kuvuka kinamasi. Kijiji hakitetei ndoa, chatetea mkate wake.

Mke arudipo, Aimable (Raimu, ambaye hapa hana mfano) hamkemei. Humgeukia paka jike, Pomponnette, aliyemwacha dume wake, akammwagia lawama zote. Watazamaji wengi huona hapo upole mtupu. La, hasha: mke asikia kila neno, wala hana pa kujibia. Pagnol, fundi wa mazungumzo, amemnyima Aurélie usemi tangu mwanzo. Hamu yake husomeka usoni pa Ginette Leclerc tu. Hata anapoahidi kutoondoka tena, ahadi hiyo huitoa kwa niaba ya paka.