Mwanamke Anapooa: Sarufi ya Ndoa katika Riwaya Mbili za Ukerewe na Desturi ya Nyumba Ntobhu

Utangulizi

Katika Kiswahili, mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kauli hiyo ya kutendwa imezoeleka kiasi kwamba nafasi ya mwanamke katika ndoa huonekana kuamuliwa na sarufi kabla ya kuamuliwa na mila. Hata hivyo, mashariki mwa Ziwa Viktoria, miongoni mwa Wakurya wa mkoa wa Mara, tungo "mwanamke ameoa mwanamke" hueleza jambo linalofahamika. Mwanamke mtu mzima, aghalabu mjane au asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke kijana. Watoto ambao kijana huyo huwazaa na mwanamume huhesabiwa kuwa wa nyumba ya mwanamke aliyetoa mahari. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Makala haya yanaisoma sambamba na riwaya mbili za waandishi wa Ukerewe. Yanadai kuwa uhakiki wa maisha ya wanawake wanaoishi pamoja hauna budi kuanza na nyumba, si na jina la tendo.

Jina la tendo

Neno "usagaji" limeundwa kutokana na kitenzi "kusaga". Linataja tendo la mwili tu. Halisemi nani anaishi na nani, nani anamlisha nani, wala nani atamrithi nani. Lugha ya sheria hufuata njia hiyohiyo: marekebisho ya sheria ya jinai ya Zanzibar ya mwaka 2004 yaliyataja bayana mahusiano ya kimapenzi baina ya wanawake kuwa kosa. Desemba 2017, kama vyombo vya habari vilivyoripoti, wanawake walishtakiwa jijini Mwanza kutokana na video iliyosambaa ikiwaonyesha wanawake wawili wakibusiana na kuvishana pete. Kwa hiyo, katika ukanda mmoja wa ziwa, ng'ombe waliotolewa na mwanamke kwa ajili ya mwanamke huitwa mila, ilhali pete huwa kielelezo mahakamani.

Tofauti hiyo isifutwe kwa pupa. Katika Male Daughters, Female Husbands (1987), Ifi Amadiume aliyeandika kuhusu Waigbo wa Nnobi alipinga vikali usomaji wa wanawake Weusi wa Magharibi, akiwemo Audre Lorde, waliozitazama ndoa za namna hiyo kuwa ushahidi wa mapenzi ya jinsia moja. Onyo lake lina uzito: mahari, ukoo na urithi havithibitishi matamanio. Lakini havithibitishi kutokuwepo kwake pia. Anayeitumia nyumba ntobhu kudai kuwa Afrika haikujua mapenzi baina ya wanawake anafanya kosa lilelile alilolikemea Amadiume, ila kwa kuligeuza upande.

Riwaya mbili za kisiwa kimoja

Aniceti Kitereza alikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya ambayo baadaye aliitafsiri mwenyewe. Toleo la Kiswahili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, lilitoka mwaka 1980. Kiini chake ni utasa. Ndugu wa Myombekere wanamtaka aoe mke mwingine. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao. Mume anamfuata ukweni, anatozwa faini ya pombe, na hatimaye wawili hao wanatafuta tiba. Katika suluhisho zote zinazojadiliwa, anayeoa ni mwanamume. Bugonoka anaweza kurudishwa, kuongezewa mke mwenza au kutibiwa. Hakuna anayemfikiria kuwa mtu awezaye kuoa. Hata hivyo, Kitereza anapasua jambo moja: Myombekere anamtaka mkewe kabla ya kuwapo mtoto yeyote. Ndoa inasimama ikiwa haina uzao.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inaibana sarufi hiyo zaidi. Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, baadaye Deogratias anamwacha Rosa kwa kuwa si bikira, Rosa anajiua. Thamani yake inapimwa kwa swali moja tu, kama anafaa kuolewa. Lindo lote limewekwa dhidi ya wanaume, na kwa hiyo mwanamke anatambuliwa kwa kile ambacho mwanamume amemtenda au hajamtenda. Riwaya iliyopigwa marufuku shuleni kwa uwazi wake haikuhitaji kuipinga kauli ya kutendwa ili iwe ya kushtua.

Hitimisho

Kitereza anaitenga ndoa na uzao. Nyumba ntobhu inautenga uume wa kijamii na mwili wa mwanamume. Vyote viwili vinakitenganisha kile ambacho mahubiri na sheria hukishika kama kitu kimoja. Hapo ndipo uhakiki wa Kiswahili unapopata nyenzo zake, bila kuazima istilahi wala kumvisha bibi wa Tarime jina asilojiita. Nyumba ntobhu nayo isipambwe: mke kijana mara nyingi huingia humo kwa umaskini wa kwao, na ng'ombe hawamuulizi ridhaa yake. Hata hivyo, pale ambapo kitenzi "kuoa" kimekwisha kumpokea mwanamke kuwa kiima, hoja kwamba lugha na mila haziruhusu kuwaza nyumba ya wanawake wawili haina msingi. Kinachobaki kuulizwa, kwa mke wa nyumba ntobhu na kwa wanawake waliovishana pete, ni kimoja: nani aliyechagua?