Kutu Huanzia Chini ya Kichwa cha Skrubu

Aliyevunjika paja na kuwekewa vyuma, yaani bamba na skrubu, huambiwa kuwa vyuma hivyo havishiki kutu. Ni kweli, ila si kila mahali. Bamba likitolewa baada ya mfupa kuunga, uso wake mara nyingi bado unang'aa. Vishimo na madoa huonekana pembezoni mwa tundu, pale kichwa cha skrubu kilipokalia. Kwa hiyo anayelaumu ubora wa chuma peke yake anatazama pasipo. Tatizo kubwa liko kwenye maungio ya skrubu na bamba.

Chuma cha vipandikizi hivi, aina ya 316L, kina kromi kiasi cha asilimia 17 hadi 19, na kinachokilinda ni utando wa oksidi ya kromi wenye unene wa nanomita chache tu. Ukikwaruzwa, hujijenga upya papo hapo, mradi oksijeni ipo. Majimaji ya mwili, yenye chumvi karibu asilimia 0.9 na joto la nyuzi 37, huushambulia kwa kloridi. Kwenye uso ulio wazi utando hustahimili. Chini ya kichwa cha skrubu majimaji yamekwama na oksijeni huisha; madini yanayoyeyuka huitikiana na maji na kuzaa asidi, na kloridi zaidi huvutwa ndani ya mwanya. Mgonjwa akitembea, skrubu na bamba husuguana, na utando hukwanguliwa kabla haujapona.

Wataalamu wa metali hawakulala. Chuma chenye vanadi alichotumia daktari wa upasuaji Sherman mwaka 1912 kilishika kutu mwilini. Baadaye kikaja chenye kromi 18 na nikeli 8 kwa mia, kisha kikaongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3 ili kuizuia kloridi. Kaboni nayo ilishushwa hadi asilimia 0.03, kwa kuwa huinyakua kromi na kuacha mipaka ya chembe za chuma bila kinga. Hatua zote hizi ziliimarisha utando. Hakuna iliyouziba mwanya.

Wapo watakaouliza: kwa nini tusihamie titani? Utando wake ni imara zaidi mbele ya kloridi, hilo halina ubishi. Lakini titani ni ghali, hukunjika kwa shida kufuata umbo la mfupa, na yenyewe pia ikisuguana humwaga chembechembe. Wengine watasema bamba hutolewa baada ya mwaka au miwili, basi kutu kidogo ina neno gani? Neno lipo: kishimo ndicho chanzo cha ufa wa uchovu wa chuma, na nikeli inayovuja huwasumbua wenye mzio nayo.

Ndiyo maana cheti cha kipande cha chuma kilichopimwa peke yake hakitoshi. Bamba na skrubu vipimwe vikiwa vimefungwa pamoja na kutikiswa ndani ya maji ya chumvi. Katika chumba cha upasuaji, skrubu iwe ya metali ileile ya bamba, bamba lisikunjwe na kukunjuliwa mara kwa mara, na lililokwisha kutumika lisirudishwe mwilini.