Adui Anayekua kwa Kipimo cha Mchezaji: Uhakiki wa Mpasuko wa Milki katika Mchezo wa Total War: Shogun 2

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna nguvu za adui zinavyoongezwa katika mchezo wa kompyuta wa Total War: Shogun 2, uliotengenezwa na studio ya Creative Assembly ya Uingereza na kutolewa mwaka 2011. Hoja kuu ni kwamba kanuni inayoongeza nguvu za adui si suala la ufundi pekee, bali ni dai kuhusu historia: inaeleza nani huwa adui wa nani, lini, na kwa sababu gani. Kwa kulinganisha kanuni hiyo na mgogoro wa Oda Nobunaga na wapinzani wake katika karne ya 16, makala yanaonesha kwamba mchezo umepatia umbo la mgogoro huo lakini umepoteza sababu zake.

1.0 Utangulizi

Mchezo unaohusu historia una tatizo ambalo riwaya ya kihistoria haina. Mwandishi wa riwaya anaweza kumpunguzia shujaa wake nguvu wakati wowote msuko unapohitaji. Mtunzi wa mchezo hana uhuru huo, kwa kuwa shujaa yumo mikononi mwa mchezaji. Mchezaji akishinda mapema, kila ushindi humpa ardhi, kodi na askari wa kupatia ushindi mwingine. Nusu ya pili ya kazi hubaki bila mgogoro, na bila mgogoro hakuna msuko.

Watunzi hulikabili tatizo hili kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kumpa adui mtaji mkubwa tangu mwanzo. Katika Civilization VI (2016), kwa mfano, kompyuta huanza na walowezi 3 kwenye kiwango cha juu kabisa cha ugumu, ilhali mchezaji huanza na mmoja. Ya pili ni kumfanya adui aongezeke kadiri mchezaji anavyoongezeka. Njia hii ya pili ndiyo inayohakikiwa hapa, kwa sababu ndiyo inayojifanya kuwa sehemu ya masimulizi.

2.0 Utendaji wa Kanuni

Masimulizi ya mchezo yanaanza mwaka 1545, katika Japani ya zama za vita vya koo. Mchezaji huongoza ukoo mmoja, kama vile Oda, Takeda au Shimazu, akilenga kuteka Kyoto na kutwaa cheo cha shoguni kilichomo mikononi mwa ukoo wa Ashikaga. Majimbo anayoyateka na mapigano anayoyashinda humwongezea sifa. Sifa hizo zikifika kilele, au Kyoto ikishambuliwa, shoguni humtangaza kuwa adui wa dola. Hapo ndipo unapotokea mpasuko wa milki. Kuanzia zamu hiyo uhusiano wake na koo nyingine hushuka zamu baada ya zamu. Biashara hukatika, mikataba huvunjika, na hata washirika wa miaka mingi humgeuka.

Ni muhimu kutambua kwamba jeshi moja la adui halinenepi. Jeshi lolote katika mchezo huu, liwe la mchezaji au la kompyuta, haliwezi kuzidi vikosi 20. Kinachobadilika ni uelekeo. Majeshi yaliyokuwa yakimalizana yenyewe kwa yenyewe sasa humwelekea mtu mmoja. Kwa hiyo adui hukua kwa kuunganishwa, si kwa kuumbiwa askari wapya kutoka hewani. Kisanaa, huu ni uamuzi bora kuliko ule wa walowezi 3, kwa sababu ongezeko linapewa tukio, msemaji na tarehe ndani ya hadithi.

3.0 Kilichopatiwa na Kilichopotea

Umbo la tukio hilo lina msingi wa kihistoria. Oda Nobunaga aliingia Kyoto mwaka 1568 na kumsimika Ashikaga Yoshiaki kuwa shoguni. Muda mfupi baadaye alizungukwa na koo za Asakura na Azai, watawa wa Ishiyama Honganji, na Takeda Shingen, huku shoguni yule yule aliyemsimika akiwachochea. Mchezo, basi, haukukosea kuonesha kwamba mafanikio huzaa muungano wa maadui.

Kasoro iko katika sababu. Azai Nagamasa alikuwa mume wa dada yake Nobunaga. Alimgeuka mwaka 1570 pale Nobunaga aliposhambulia ukoo wa Asakura, ambao ulikuwa na uhusiano wa muda mrefu na ukoo wa Azai. Usaliti huo ulitokana na mgongano wa ahadi mbili ndani ya mtu mmoja. Katika mchezo, mshirika humgeuka mchezaji kwa sababu tarakimu imeshuka. Mhusika amenyimwa sababu ya kutenda, na mhusika wa namna hiyo ni bapa hata kama ana jeshi kamili nyuma yake.

Aidha, maadui wa Nobunaga hawakudumu pamoja. Shingen alifariki mwaka 1573. Mwaka huo huo koo za Asakura na Azai ziliangamizwa na Yoshiaki akafukuzwa Kyoto. Honganji ilisalimu amri mwaka 1580. Muungano ulilegea kwa sababu kila mmoja alikuwa na jambo lake. Chuki ya mchezo hailegei, kwa kuwa haina jambo.

Methali ya Kiswahili husema kuwa mti wenye matunda hupigwa mawe. Kiambishi *hu-* katika methali hiyo huonesha mazoea: jambo hutokea mara nyingi, lakini linaacha nafasi ya jirani asiyerusha jiwe. Kanuni ya mchezo imeyageuza mazoea kuwa sheria isiyo na jirani. Athari yake kwa mchezaji si ndogo. Akishajua kwamba kila mshirika atamgeuka, hujifunza kusimama kabla ya kilele cha sifa, kulimbikiza fedha na majeshi, kisha kushambulia kwa mkupuo. Uaminifu haumfai kitu, na diplomasia hubaki kuwa njia ya kununua muda.

Mtu anaweza kudai kwamba mchezo hauwezi kubeba sababu na ugumu kwa pamoja. Dai hilo linajibiwa na studio ile ile. Katika Fall of the Samurai (2012), unaohusu vita vya karne ya 19 kati ya wafuasi wa mfalme na wa shoguni, mpasuko humtaka mchezaji achague upande au ajitangazie jamhuri. Akichagua upande, koo za upande huo husimama naye. Shinikizo bado ni kubwa, lakini maadui wana itikadi, na mchezaji aliyebaki peke yake amechagua upweke huo.

4.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba swali la kuuliza kuhusu adui wa mchezo wa kihistoria si kama ana nguvu za kutosha tu, bali nguvu hizo zimetoka wapi. Shogun 2 unamfundisha mchezaji kwamba kufanikiwa ni kosa linaloadhibiwa na wote kwa usawa. Historia ya Nobunaga inaonesha kwamba waliomwadhibu walikuwa watu mbalimbali, kila mmoja na deni lake.