Mizani mpya, shahidi kafukuzwa

Nianzie pale mlipoishia kubishana: asubuhi ile mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika alipopanda kwenye kizingiti cha ghala na kutangaza kwamba msimu huu mkulima akishapima pamba haandikiwi tena stakabadhi, atatumiwa ujumbe kwenye simu, basi. Mlikuwepo, mlisikia na vigelegele. Mwenyekiti ana miaka 31, na bodi yake karibu yote ni ya rika lake. Niliwapigia debe mimi mwenyewe katika ukurasa huu wazee walipokuwa wanawaita watoto. Sasa wamefanya kosa ambalo karani wa darasa la saba wa miaka ya themanini asingelifanya.

Mengine wameyafanya vizuri: wanachama wamehakikiwa kwenye MUVU, ule mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa vyama vya ushirika, mizani ya kidijitali ina stika hai ya Wakala wa Vipimo, malipo yanaingia kwenye akaunti. Hongera zao. Turudi kwenye meza ya mizani.

Mzigo ukishatundikwa, kioo kinaonyesha kilo. Kishikwambi kinaivuta namba ile kutoka kwenye mizani, karani anagusa jina la mkulima, anabonyeza "hifadhi". Wengi wanadhani kazi imeishia hapo. Rekodi inabaki tumboni mwa kishikwambi mpaka mtandao upatikane, na mtandao wa kwetu mnaujua, hupatikana ukisimama juu ya jiwe nyuma ya ofisi. Rekodi ikishafika kwenye seva ndipo seva inatunga ujumbe na kuutuma. Kwa hiyo anachokipokea mkulima ni kile seva ilichoambiwa. Mizani ilisema nini, hilo ni jambo jingine. Kati ya kioo na ujumbe kuna betri, kuna kitufe cha kurekebisha, na kuna binadamu mwenye njaa ya saa saba mchana.

Siku ya tatu ya msimu mizani na kishikwambi viliacha kusikilizana. Foleni ilikuwa imefika barabarani, baiskeli na mikokoteni. Karani akafanya ambacho karani yeyote angefanya: akawa anasoma kioo na kuingiza kilo kwa kidole. Akafika mama mmoja na mzigo wake. Kioo kikasoma 64, tukaitamka kwa sauti watu watatu tuliosimama karibu.

"Mwanangu, karatasi yangu?"

"Mama, itakuja kwenye simu."

Ilikuja kesho yake jioni, kwenye simu ya mumewe. Kilo 46.

Simtuhumu karani. Kidole kilichochoka hugeuza tarakimu, na enzi za kitabu zilikuwa zinageuzwa vilevile. Tofauti ni kwamba kosa la kitabuni lilikamatwa kabla mzigo haujashushwa, kwa sababu stakabadhi huandikwa kioo kikiwa bado kinasoma na mwenye mali akiwa ameinamia meza. Hata asiyejua kusoma barua anaijua 64. Chini yake kuna kaboni: nakala moja anaondoka nayo mkulima, nyingine inakwenda kwa mnunuzi, ya tatu inabaki kitabuni, zote na namba moja ya mfululizo. Anayetaka kukuibia kilo 18 baadaye itabidi abadilishe karatasi tatu, na mojawapo imeshalala chini ya godoro lako. Nionyesheni nywila yenye ulinzi huo.

Mama yule alipokwenda ofisini kudai, alikwenda na mdomo. Katibu, kijana mstaarabu sana, akamfungulia kishikwambi na kumwonyesha 46. Akamwonyesha tena. Mfumo unasema hivyo, mama. Mimi neno hili "mfumo" nimelichukia tangu lilipoanza kutumika mahali pa "sisi". Zamani ofisi ikikosea ulimtafuta mtu. Siku hizi unaambiwa mfumo uko chini, kana kwamba ni mvua.

Tena angalieni simu yenyewe ni ya nani. Namba zilizosajiliwa chamani nyingi ni za waume, au za watoto wa kiume walioko Mwanza mjini, waliomsajilia mzee laini kwa kitambulisho chao. Mwanamke aliyelima ekari yake, akaipalilia na kuivuna, anapima yeye, lakini ushahidi unalia mfukoni mwa mwingine. Karatasi ilikuwa inakabidhiwa kwa mkono ulioleta mzigo. Hilo peke yake lingetosha kuwafanya wakae wafikiri upya, na kwenye bodi kuna mabinti wawili. Walinyamaza.

Mwenyekiti nilimfuata. Alinijibu kwa heshima zote: "Mzee, karatasi ndizo zilizotuulia ushirika. Vitabu bandia, pamba hewa, wakaguzi wa COASCO wanakuta kurasa zimechanwa." Nusu ya maneno yake ni kweli, na nimeyaandika mwenyewe miaka nenda rudi. Lakini pamba hewa iliandikwa na waliokuwa na vitabu viwili. Mkulima mwenye nakala yake hakumwibia mtu. Dawa ilikuwa kuacha kishikwambi kifanye kazi ya kumbana karani, na karatasi iendelee kumlinda mkulima, vyote viwili mezani, kila kimoja kikimchungulia mwenzake. Printa ndogo ya mfukoni ilijadiliwa wakaikataa kwa gharama ya karatasi zake, na hapo sina ugomvi nao sana, maana karatasi zile hufutika kwa joto. Ukiiweka moja chini ya bati hadi Agosti unabaki na kipande cheupe. Kaboni haifutiki. Kitabu cha kaboni walikuwa nacho tayari.

Jambo lenyewe halikufikishwa hata mkutano mkuu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inaupa mkutano huo mamlaka ya juu, na kama kuna kitu cha kuwauliza wanachama ni namna watakavyothibitisha mali yao. Bodi imekwishawahi kuitisha mkutano kwa ajili ya rangi ya fulana.

Mtasema mzee anaogopa simu. Basi niwakumbushe kijana mwingine. Paul Bomani alizaliwa 1925. Mwaka 1952, akiwa na miaka 27, alikuwa anakiongoza chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Mwaka 1955 akawa meneja wa shirikisho la vyama vya pamba vya Victoria, lililokuja kuwa ushirika mkubwa kuliko karibu wote barani Afrika. Teknolojia iliyobishaniwa wakati ule ilikuwa hiihii, mizani. Wakulima walijua wanapunjwa kwenye vituo vya wanunuzi. Hawakuivunja mizani wala hawakuiabudu: waliweka wapimaji wao wenyewe, mtu wao mwenye jicho lake. Juu ya msingi huo ndipo vyama vya kupima vikawa vyama vya kununua, na vyama vya kununua vikaja kumiliki vinu vya kuchambulia. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, George Kahama naye aliendesha ushirika wa kahawa kabla hajatimiza miaka 30. Hawakuwa na kamati ya vijana wala kongamano la vijana Dodoma. Walikuwa na saini.

Saini ile ilikuja kunyang'anywa. Serikali ilivivunja vyama vikuu mwaka 1976, sheria ya 1982 ikavirudisha, na tangu hapo kijana huitwa ushirikani kuna kifaa cha kubeba. Nimelisema hili mpaka mhariri amechoka. Ndiyo maana nimeudhika zaidi na hawa wa kwetu: wao wamepewa kifaa na saini, vyote.

Baba yangu alikuwa akiweka stakabadhi zake kwenye kopo la maziwa ya unga. Msimu mmoja kituo kimoja, sikitaji, kilichelewesha malipo wee, kisha kikamwambia aliuza mizigo mitatu. Hakupandisha sauti. Alifungua kopo pale kaunta, akatoa ya nne.

Juzi niliomba kuona vitabu vilivyobaki. Mtunza ghala alicheka, akainama chini ya meza ya mizani. Vilikuwa saba, vipya kabisa, kaboni ndani, vimepangwa chini ya mguu mfupi ili meza isicheze. Kununua kunaendelea Alhamisi.