Safu Kumi, Majina Elfu

Meza ya kijana huyu, fundi wa programu za simu, iko Kisauni, chumba cha juu ya duka la vipuri, na feni huzunguka siku stima ikiwapo. Kazi aliyokuwa nayo wiki ile ni ndogo ukiitaja: daftari la madeni ndani ya simu, la mama anayeuza vitunguu kwa jumla soko la Kongowea. Jina, kiasi, tarehe. Orodha tu.

Simu za Android zimekuwa na orodha ya tayari tangu 2008, na mafundi wengi hutosheka nayo. Ila mama huyu ana wateja watatu wa jina moja hadi la babu. Anawajua kwa makao yao, mmoja wa Bamburi, mmoja wa Mtwapa, mmoja wa Changamwe. Orodha ya tayari ikipangwa mstari mmoja kwa kila mteja, jina likirefuka hukatwa mkia na kutiwa vidoti, na humo mkiani ndimo Mtwapa ilimo. Kijana akaamua kuichora safu mwenyewe.

Alianzia kulia, kwenye pesa. Aliupima upana wa kiasi kabla ya kitu kingine, maana jina likifinywa bado lasomeka, lakini elfu kumi na mbili ikikatwa yageuka elfu moja na ugomvi. Tarakimu akazichagua za upana mmoja, mia ikae chini ya mia, kama kwenye madaftari ya wenye maduka wa zamani. Nafasi iliyosalia akaipa jina, na chini yake makao kwa herufi ndogo. Kimo cha chini kinachopendekezwa na Google kwa kitu cha kuguswa ni kama milimita 9. Yeye alikiongeza, akikumbuka kidole gumba chenye udongo wa vitunguu. Tarehe alizitia kijivu hafifu, zikapendeza mle chumbani. Akashuka na simu barabarani saa saba mchana: hazionekani. Akarudi akazikoza.

Nilimuuliza kama simu yachora majina yote elfu kwa pamoja. Akacheka.

"Ami, pale Likoni kuna feri ngapi?"

"Hata kumi hazifiki."

"Na watu?"

Watu ni zaidi ya laki tatu kwa siku. Hakuna anayeunda feri mpya kwa kila kundi la abiria. Ile ile iliyoshusha ndiyo inayopakia. Ndivyo ilivyo kwenye kioo: safu kumi hivi zinatosha. Inayopotelea juu hurudishwa chini na kupakiwa jina jingine. Ufundi huu ulikuwemo katika orodha tangu mwanzo, na kifaa kilichokuja 2014, RecyclerView, kimeubeba hadi kwenye jina lake.

Upakiaji huo hauna muda. Kioo cha kawaida huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila mchoro una milisekunde 16 na kidogo. Ndiyo maana brashi na rangi zake zote aliziandaa kabla. Ukiunda brashi mpya katikati ya kuchora, kumbukumbu hujaa takataka, simu husimama kufagia, na orodha hukwama chini ya kidole. Wenye simu mpya hawalihisi. Yeye hujaribia simu kuukuu yenye kioo cha nyufa, na hapo namheshimu zaidi kuliko kwa jambo jingine lolote.

Siku ya mwisho alitia ukingo mwekundu upande wa kushoto kwa waliopitisha mwezi bila kulipa. Akavuta orodha hadi chini, akairudisha juu. Mteja asiyedaiwa hata senti ana ukingo mwekundu.

"Abiria kashuka, mzigo kauwacha," alisema.

Alikuwa ameandika rangi ya aliyechelewa, hakuandika ya asiyechelewa, na safu ikarudi na wekundu wa mtu mwingine. Dawa ilikuwa mstari mmoja: futa kwanza, ndipo upakie. Kisha akaivuta orodha tena polepole, majina yakapita yote, naye macho hayatoki kwenye ukingo wa kushoto.