Nani Alimlisha Pran Puri?

Pran Puri alifika Moscow akitokea India, mikono yake yote miwili ikiwa juu ya kichwa. Sitanii. Alikuwa sanyasi, mtawa wa Kihindu aliyeacha nyumba, ukoo na mali, na nadhiri aliyoiweka ilikuwa kuinua mikono bila kuishusha tena maisha yake yote. Watawa wa namna hii huitwa urdhvabahu. Mwanzoni maumivu ni makali mno, halafu misuli inanyauka, maungio yanakauka, na mwisho mikono haishuki hata mwenyewe akitaka.

Habari zake tunazo kwa sababu moja tu. Mwaka 1792, pale Benares, alimsimulia maisha yake Jonathan Duncan, mwakilishi wa Kampuni ya Waingereza mjini humo. Duncan akaandikisha, kisha akachapisha kwa Kiingereza katika Asiatic Researches, jarida la chama cha wasomi cha Calcutta, pamoja na picha ya mtawa mwenyewe.

Nimeyasoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Huyu bwana alizaliwa Kannauj, akatoroka kwao akiwa na miaka tisa, akapokewa na watawa kando ya mto Ganges. Halafu ni mguu na njia: kusini hadi Rameshwaram, Ceylon, Malaya, kurudi Bombay, kupanda Kabul, kukatiza Uajemi, kuona moto unaotoka ardhini kule Baku, kuvuka Volga iliyoganda, Moscow. Wakati wa kurudi anapita Isfahan, Shiraz, Bahrain, Basra, na hata Maskati, bandari ambayo wasomaji wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa. Baadaye tena Samarkand, Nepal, Tibet.

Kuna kisa kimoja kitamu. Njiani anakutana na Ahmad Shah, mfalme wa Waafghani, mwenye kidonda puani. Mfalme anataka dawa: wewe si mtakatifu wa Kihindi? Pran Puri hana dawa. Anachofanya ni kumwambia kwamba huenda kidonda hicho na ufalme wake vimefungamana, ukiondoa kimoja hujui kama kingine kitabaki. Mfalme na mawaziri wake wakaona ana hoja, akaachwa aende zake. Nilicheka peke yangu.

Ila mara ya pili nilianza kupata mashaka. Mtu aliyemjibu mfalme namna ile anajua kusema na wakubwa. Sasa mbele ya Duncan alikuwa nani? Alikuwa mtawa aliyewahi kumletea Warren Hastings barua kutoka Lhasa, na Hastings akamzawadia kijiji karibu na Benares. Yaani mtu aliyeacha mali alikuwa na mapato ya kijiji, tena kwa mkono wa Kampuni. Simwiti mnafiki, watawa wengi wa enzi hizo walibeba barua, habari na hata bidhaa, kwa kuwa mavazi yao yalifungua mipaka. Nasema tu kwamba aliyesimulia na aliyeandikisha walikuwa wanafahamiana kikazi.

Na hilo linaonekana katika maandishi yenyewe. Duncan anataka njia, miji, watawala. Anapata njia, miji, watawala. Tibet kwa Kampuni ilikuwa biashara, na Asia ya Kati ilikuwa ramani yenye matundu. Kurasa nyingi zinasomeka kama ratiba ya basi: alitoka hapa, akafika pale. Huyu ni yogi, jamani! Miongo ya nadhiri, na hatujui usiku aliwaza nini.

Nililinganisha na Selim bin Abakari, ambaye safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896 imo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokikusanya Carl Velten. Naye alikwenda kwa mkono wa Mzungu, na Mzungu ndiye aliyechapisha. Lakini maneno ya Selim yamebaki ya Kiswahili, unamsikia akishangaa kwa ulimi wake. Pran Puri tunamsikia kupitia ukuta.

Mara ya tatu ndipo lilipokuja swali la kichwa cha makala hii. Mtu ambaye mikono yake yote imekauka juu hawezi kumega mkate. Hawezi kujifunga nguo wala kujitawaza. Kwa hiyo kila maili ya safari ile palikuwa na mtu: mwanafunzi, msafiri mwenzake, mama mwenye nyumba kule Uajemi, sijui. Tunamsifu kwa kuuacha ulimwengu, kumbe ulimwengu ulimlisha tonge kwa tonge hadi Moscow na kumrudisha. Na hakuna hata mmoja wao mwenye jina katika kurasa zile.

Hapo niliacha kumlaumu Duncan. Miaka michache nyuma nilimhoji mzee mmoja aliyeendesha malori hadi Lubumbashi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilirudi na orodha nzuri ya vituo, mizigo na mipaka. Mhariri alifurahi. Mkewe alikaa pale pale ukumbini muda wote, akatuletea chai mara mbili, na sikumuuliza hata neno. Mzee ameshafariki. Kanda ninayo, sauti ya yule mama inasikika mara moja tu, anauliza kama sukari inatosha.

Msome Pran Puri. Msome kwa ajili ya kidonda cha mfalme na mto ulioganda. Lakini kila mji unaotajwa, simama kidogo ujiulize ni nani pale aliyeshika bakuli.